Minoksidili 5%, ya maji na ya povu: tathmini kwa aliyeacha na anayetaka kuanza tena

Dawa nyingi za nywele zinazouzwa Kariakoo na River Road huulizwa swali moja: inaotesha au haioteshi? Kwa minoksidili, ile inayoandikwa Minoxidil kwenye boksi, swali hilo lilijibiwa zamani. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikubali kwa upara wa kurithi wa wanaume mwaka 1988, na kwa wanawake mwaka 1991. Inaotesha kwa wengi, si kwa wote. Swali linalomsumbua mtumiaji ni lile linalokuja baada ya chupa ya tatu au ya nne: nikiiacha itakuwaje, na nikirudi naanzia wapi?

Ndiyo maana hapa dawa ya maji na dawa ya povu, zote za 5%, zinapimwa kwa mzani huo tu. Ipi mtu anaweza kukaa nayo mwaka mzima bila kuikatiza, na ipi humpokea vizuri akirudi. Kwa dawa hii, kukatiza ndiko kunakokula nywele. Tofauti ya kampuni hii na ile ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara ya miezi mitatu bila kupaka.

Ukiacha, nini hutokea

Unywele mmoja wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6, ukasinyaa kwa wiki 2 au 3, kisha ukalala kwa miezi 3 hivi kabla ya kudondoka na kumpisha mwenzake. Upara wa kurithi hufupisha kile kipindi cha kukua, na kila mzunguko unywele hurudi mwembamba na mfupi zaidi. Anayesukuma jambo hilo ni homoni inayoitwa DHT, na minoksidili haimgusi kabisa. Inachofanya ni kuviamsha vitundu vya nywele vilivyolala kabla ya zamu yao, na kuvishikilia kwenye kukua kwa muda mrefu zaidi. Ukiondoa dawa, umeondoa kishikio, na DHT iko palepale.

Dawa yenyewe hutoka mwilini upesi. Ndani ya siku 4 baada ya kuacha, karibu 95% ya ile iliyokuwa imeingia imeshaondoka. Nywele ndizo zinazochelewa kupata habari, kwa sababu zikishaingia usingizini hukaa miezi kabla ya kudondoka. Mtu huacha, mwezi wa kwanza haoni kitu, wa pili haoni kitu, akaanza kuamini kwamba nywele sasa zimeshika zenyewe. Mwezi wa tatu au wa nne kitana kinajaa. Kufikia mwezi wa sita hivi, zile zote zilizoletwa na dawa zimekwenda.

Hapo pana jambo moja ambalo watu hulielewa vibaya, na linafaa kusemwa polepole. Aliyetumia miaka mitatu akaacha hashuki mpaka pale alipoanzia. Anashuka mpaka pale ambapo angekuwa leo kama hakupaka chochote kwa miaka hiyo mitatu, maana upara uliendelea chini kwa chini muda wote huo. Kwa macho inaonekana dawa imemharibu. Haikumharibu, ilikuwa inamfichia. Kujua hilo kabla ya kuanza kungepunguza hasira nyingi zinazomwagwa kwa wafamasia.

Sasa upande wa kurudi. Dawa ikianza upya inaamsha vitundu vilivyolala, na kila kitundu kinachoamka kinasukuma nje unywele wa zamani uliokuwa umebaki umesimama bila mizizi hai. Kwa hiyo kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele hupukutika kuliko kawaida. Kupukutika huko ni dalili kwamba dawa imefika. Lakini aliyeacha miezi mitatu kisha akarudi anapata mawimbi mawili yanayofuatana: la kuacha, na la kuanza. Wengi huona la pili wakadhani dawa imewakataa, wakaacha tena wiki ya 4 au ya 5. Hakuna mahali pabaya pa kuacha kuliko hapo. Umeshalipa gharama yote ya kuanza na hujapata hata unywele mmoja, na kuacha huko kunakuandalia wimbi la tatu.

Dawa ya maji

Chupa ya kawaida ni ml 60 na ina mrija wa kudondoshea wenye alama ya ml 1. Kila ml 1 ya 5% imebeba mg 50 za dawa. Mwanaume hupaka ml 1 asubuhi na ml 1 usiku, kwa hiyo chupa ni ya siku 30, na anayedai ya kwake ilikaa miezi miwili ama anapaka nusu ama anarukaruka siku. Regaine, ambayo Marekani huuzwa kwa jina la Rogaine, ndiyo ya kwanza sokoni. Kirkland ya maduka ya Costco na zile za viwanda vya India, kama Tugain ya Cipla, zina dawa ileile kwa kiasi kilekile. Kwa kuwa bei ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kukatiza, chagua ile ambayo mfuko wako utaiweza mwezi wa kumi na mbili, usitazame mwezi wa kwanza peke yake.

Kwa nywele zetu za kipilipili, na hasa zilizosukwa mistari au dredi, dawa ya maji ina nguvu moja kubwa: ncha ya mrija inaingia kwenye njia na kugusa ngozi. Dawa inayobaki juu ya nywele haifanyi kazi yoyote. Gawanya ile ml 1 kwenye vituo vitano au sita juu ya eneo lililopungua, dondosha kidogo kila kituo, kisha sambaza kwa ncha ya kidole. Ukiimwaga yote mahali pamoja, nusu itakimbilia pajini.

Udhaifu wake ni kimiminika kinachoibeba. Ndani mna spiriti, maji, na kitu kinachoandikwa propylene glycol kwenye orodha ya viambato. Spiriti inaruka ndani ya dakika chache, lakini hicho cha mwisho kinabaki na unyevu wa mafuta, na kwenye joto la Dar, Mombasa au Zanzibar kichwa kinaweza kukaa kimelowa kwa muda mrefu. Ukitoka na jasho likateremka, dawa inateremka nayo, na kwa wanawake hapo ndipo vinyweleo vya mashavuni na pembeni mwa paji vinapoanzia. Pia ndicho kinachowasha. Mtu anayejikuna kila usiku hawezi kudumu na dawa, hata iwe nzuri namna gani.

Ila usiite kila unga mweupe mzio. Spiriti ikikauka, dawa iliyozidi huganda kuwa chembe nyeupe zinazofanana na mba, hata kwenye mdomo wa chupa utaziona. Hizo hazina muwasho na huondoka ukiosha kwa shampuu. Mzio wa kweli ni mwekundu, unawasha, wakati mwingine unatoa majimaji, unasambaa hadi pajini na nyuma ya masikio, na kuosha hakuuondoi. Wa kwanza unarekebishwa kwa kupunguza kiasi unachomwaga na kuosha kichwa mara kwa mara. Wa pili unataka uache, ngozi ipone kabisa, kisha urudi kwa povu.

Povu

Povu la 5% liliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na faida yake kuu ni kwamba halina propylene glycol. Kopo ni gramu 60. Nusu kifuniko ni gramu 1 hivi, nayo ina mg 50 zilezile. Mwanaume hupaka mara mbili kwa siku. Mwanamke, kwa mujibu wa idhini ya mwaka 2014, mara moja tu, hivyo kopo humfikisha siku 60. Linakauka upesi, halichuruziki, na kwa mtu aliyeacha dawa ya maji kwa sababu ya muwasho ndilo mlango wa kurudia.

Linaharibikia mikononi mwa watu kwa mambo mawili. La kwanza ni joto. Povu hili limetengenezwa liyeyuke kwenye joto la mwili, na vidole vya mtu wa Pwani saa nane mchana vinaliyeyusha kabla halijafika kichwani. Osha vidole kwa maji baridi, vikaushe kabisa, kisha ulitoe kwenye kifuniko, ulichukue kidogokidogo. La pili ni namna ya kulitoa. Kopo hushikwa kichwa chini. Ukiliminya likiwa limesimama wima, gesi hutoka peke yake, na mwisho wa mwezi unabaki na kopo zito lenye dawa isiyotoka. Halafu lawama inamwendea muuzaji.

Kwa kichwa kilichonyolewa au nywele fupi sana, povu ni bora, sina shaka. Kwa nywele ndefu zilizosukwa ni hasara, kwa sababu linashikwa na nywele kabla ya kufika kwenye ngozi. Kwa dredi nene ni karibu sawa na kulitupa.

Unaweza kuchanganya, na kwa baadhi ya watu mpango huu ndio unaodumu: povu asubuhi kwa kuwa unatoka nyumbani, maji usiku. Kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine hakuhesabiwi kuwa kuacha, mradi dawa inayofuata ipakwe kwa zamu yake. Asikudanganye mtu kwamba lazima upumzike mwezi katikati.

Na nguvu gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wenye wanaume 393 waliofuatwa kwa wiki 48, ulionyesha 5% ikiotesha nywele 45% zaidi ya 2%. Kwa mwanaume hakuna sababu ya kununua 2%. Zile za 10% na 15% zinazotangazwa kwenye simu FDA haijawahi kuziidhinisha. Zinaongeza muwasho, na muwasho ni mlango wa kuacha.

Kuanza tena

Kwanza tazama umeacha kwa muda gani. Ukisahau zamu moja, endelea na inayofuata kwa kipimo cha kawaida. Kupaka ml 2 kwa mpigo ili kufidia hakurudishi kitu, kunaongeza tu dawa inayoingia kwenye damu. Ukiacha wiki moja, rudi kama hakukutokea kitu. Wiki 2 hadi 4, rudi kwa kipimo kilekile na usishangae nywele kidogo zikidondoka mwezi unaofuata. Ukipita miezi miwili au mitatu, jihesabu kuwa mtumiaji mpya: kupukutika wiki ya 2 hadi ya 8, nywele za kuonekana karibu mwezi wa 4, na matokeo kamili karibu mwaka. Huendelei kutoka ulipoishia. Anayekataa kulikubali hilo atavunjika moyo mwezi wa pili.

Kisha jiulize kwa nini uliacha, na kama kinachodondosha nywele sasa ni kuacha kweli. Homa kali, upasuaji, kujifungua, au kupungua uzito kwa ghafla hupukutisha nywele kichwa kizima miezi 2 au 3 baadaye, bila uhusiano wowote na dawa. Upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa tezi ya shingo hufanya hivyo pia, na vipimo vyake ni vya damu. Mapunye yanataka dawa ya fangasi. Nywele za pembeni zilizong'olewa na misuko ya kukaza hazitarudi kwa minoksidili wakati msuko wenyewe bado unavuta. Na kama ni utosi unaowaka, ngozi yake inang'aa na vitundu havionekani tena, huo unaweza kuwa ugonjwa wa makovu unaowapata zaidi wanawake weusi, na kila mwezi unaopotea kwa kujaribujaribu ni vitundu vilivyokufa moja kwa moja. Huyo aende kwa daktari wa ngozi. Kwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha madaktari wa fani hii tangu miaka ya 1990, na Muhimbili pia ina kliniki.

Aliyewahi kupaka sawasawa mwaka mzima bila kuona tofauti hana haja ya kurudi. Ngozi ya kichwa inapaswa kuigeuza dawa kwa kimeng'enya chake kabla haijafanya kazi, na baadhi ya watu wana kidogo mno cha kimeng'enya hicho. Chupa ya kumi na tatu haitabadilisha maumbile.

Ukishapita hapo, siku ya kwanza piga picha nne: utosi, paji, na pande mbili, kwenye mwanga uleule na nywele zikiwa na urefu uleule. Rudia kila wiki ya nne. Kioo cha kila asubuhi kinadanganya, hasa wakati wa kupukutika. Osha kichwa kwa shampuu isiyo kali, kikauke kabisa, paka, osha mikono kwa sabuni. Kichwa kisioshwe kwa saa 4. Zamu ya usiku ipakwe saa 2 hadi 4 kabla ya kulala, maana iliyo mbichi inahamia kwenye mto, na kutoka kwenye mto inahamia usoni.

Kwa anayeswali hesabu inaingia vizuri. Ukipaka baada ya alfajiri, una muda wa kutosha hadi adhuhuri. Ukipaka baada ya isha, una usiku mzima, ilimradi usijitupe kitandani papo hapo. Kupangusa kichwa kwa mkono wenye maji wakati wa udhu si kuosha, na katika nyakati hizo mbili hata hilo halikufikii ndani ya zile saa 4. Kuna faida nyingine pia: zamu iliyofungwa kwenye jambo ambalo mtu halisahau haisahauliki. Asiyeswali aifunge kwenye mswaki wa asubuhi na chakula cha jioni. Anayejizuia na spiriti ajue tu kwamba povu nalo linayo.

Kama uliacha kwa ajili ya muwasho, wiki mbili za kwanza paka mara moja kwa siku, kisha ongeza. Kama hukuwa na muwasho, hakuna cha kusubiri, anza na kipimo kamili. Na ukiona dawa inaelekea kuisha na nyingine haijafika, kupaka mara moja kwa siku ni afadhali kuliko kukaa bila kitu kwa wiki mbili. Kuna wanaojaribu kuacha taratibu, leo mara mbili, mwezi ujao mara moja, kisha kwa kuruka siku moja moja, wakiamini nywele hazitatambua. Hakuna njia iliyothibitishwa ya kuacha dawa hii ukabaki na nywele zake. Kupunguza polepole kunachelewesha tu siku ya kuona.

Saluni ina kanuni zake. Rilaksa na rangi visikutane na dawa siku moja: osha dawa itoke yote kwanza, na baada ya rilaksa subiri saa 24, zaidi kama ngozi imeungua. Aliyenyoa kwa wembe, iwe kwa kinyozi wa mtaani au kwenye umra, asubiri mpaka mikwaruzo ikauke. Ngozi nzima hupitisha kidogo sana, kama 1.4% ya unachopaka, na usalama wote wa dawa umejengwa juu ya kidogo hicho; ngozi iliyojeruhiwa hupitisha zaidi. Wigi la kubana au kofia ya plastiki juu ya dawa mbichi hufanya vilevile. Kilemba au kofia ya kawaida haina neno, dawa ikishakauka.

Mapumziko yasiyo na hiari

Kuna kuacha ambako si uzembe. Dawa hii ilianza maisha yake kama kidonge cha shinikizo la damu cha kampuni ya Upjohn ya Michigan, kilichoidhinishwa mwaka 1979 kwa jina la Loniten, na nywele zilikuwa athari isiyotarajiwa. Kwa hiyo moyo ukianza kwenda mbio bila sababu, ukapata kizunguzungu, maumivu ya kifua, miguu kuvimba au uzito kupanda ghafla, acha siku hiyohiyo na umwone daktari. Aliyeacha kwa dalili hizo asirudi kwa uamuzi wake mwenyewe, na mwenye ugonjwa wa moyo au anayemeza dawa za presha aulize kabla ya kuanza. Kuhamia kwenye vidonge vya minoksidili kwa sababu vya kupaka vimeadimika dukani ni hatari. Hivyo ni vya daktari anayekupima.

Mjamzito na anayenyonyesha wanaacha. Hapa mpangilio wa kupukutika unachanganya watu. Mimba yenyewe mara nyingi huzishikilia nywele, kwa hiyo wimbi la kuacha linaweza lisionekane vizuri, kisha miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua yote yanamwagika pamoja: ya uzazi na yale yaliyokuwa yameahirishwa. Nywele za uzazi hurudi zenyewe. Mama asikimbilie dawa wakati bado ananyonyesha kwa hofu ya kitana. Akishaachisha na hali ikatulia ndipo atajua kilichobaki ni kiasi gani na kama kinahitaji matibabu. Dawa ya upara ya finasteraidi, ambayo wanaume huimeza pamoja na kupaka minoksidili ili kumkabili DHT, mjamzito asiishike, hasa ikiwa imevunjika, kwa ajili ya mtoto wa kiume tumboni.

Watoto na paka wa nyumbani nao wamo kwenye hesabu. Kidonge cha presha cha minoksidili humfikisha mtu mzima mg 100 kwa siku kama kipimo cha juu kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha dawa ya maji ya 5% kina mg 250. Mtoto akiinywa, ni hospitali mara moja na chupa mkononi. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitaka maonyo yaongezwe kwa sababu watoto wachanga waliokuwa wakigusana na vichwa vya wazazi wao waliopaka waliota nywele nyingi mwilini. Paka anaweza kufa kwa kulamba kidogo tu, hata kwenye mto. Spiriti na gesi ya kopo vinashika moto, kwa hiyo dawa haipakwi karibu na jiko, na kopo tupu halichomwi na takataka.

Kununua

Costco haina tawi Afrika Mashariki. Kila chupa ya Kirkland unayoiona Dar, Nairobi au Kampala imepita kwa mtu wa kati, na hujui ilikaa wapi kwenye joto gani. Hilo halimaanishi ni bandia, ila linamaanisha ukague. Lakiri ya kifuniko iwe nzima, namba ya toleo na tarehe ya kuisha viwe kwenye boksi na kwenye chupa na vifanane, karatasi ya maelezo iwemo, mrija uwe na alama ya ml 1. Kimiminika hakina rangi au kina umanjano hafifu, na kinanuka spiriti. Chenye harufu ya manukato au kinachonata kama mafuta ya kula kirudishe. Kwa njia salama zaidi, nunua famasia yenye mfamasia na uulize kama bidhaa imesajiliwa: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, NDA kwa Uganda. Mafuta ya mitishamba yaliyochanganywa "na minoksidili" bila kuandikwa asilimia usiyaguse. Huwezi kuanza upya na dawa usiyojua kipimo chake.

Kwa safari ya ndege chupa ya ml 60 iko chini ya ukomo wa ml 100 wa mkoba wa mkononi, kwa hiyo safari ya wiki tatu Muscat au London si sababu ya kuiacha nyumbani.

Na kabla ya kupaka tone la kwanza la mara ya pili, uwe na chupa nne ndani ya kabati, zenye tarehe inayovuka mwaka. Nne ni miezi minne kwa mwanaume anayepaka mara mbili kwa siku: inavuka wimbi la kupukutika na kufika pale ambapo picha za mara ya kwanza na za mara ya tano zinaweza kuwekwa pamoja. Kama pesa ya nne haijapatikana, subiri ipatikane. Kuanza kwa chupa moja huku unatafuta ya pili ndiko kulikowaacha wengi wiki ya tano na chupa tupu.